Inglishi midiamu kwa kipato cha kuungaunga

Mfuko wa barua mwezi huu umejaa ada. Wengi walioandika wako Kigoma na Tabora, wana mtoto wa miaka minne hadi minane, na wanaitaka shule binafsi huku kipato kikiwa cha kuungaunga. Tumejibu barua tano. Viwango vya pesa ni vya waandishi wenyewe au vya mfano. Fomu ya shule unayoitaka wewe itakuwa na vyake, lakini hesabu inapigwa vilevile.

Jirani anasema haitatushinda

*Habari za kazi wahariri. Mimi nachuuza dagaa kutoka Kibirizi, mume wangu ni seremala. Mwezi mzuri tunabaki na 550,000 baada ya kurudisha mtaji, mwezi wa kawaida 450,000. Mtoto wa kwanza yuko darasa la tatu shule ya serikali. Wa pili anatimiza miaka mitano Januari. Kuna inglishi midiamu ambayo ada ya awali ni 900,000 kwa mwaka, kwa awamu nne. Jirani ananiambia, "Elfu sabini na tano kwa mwezi itakushinda kweli?" Nimpeleke? – Mama wawili, Mwanga, Kigoma*

Mama, jirani yako amegawanya 900,000 kwa miezi 12, na kugawanya amegawanya sawa. Shida ni kwamba ada ndiyo namba pekee inayotajwa getini. Nyingine zimo ndani ya fomu ya kujiunga, kwa kawaida ukurasa wa pili au wa tatu, penye "mahitaji ya mwanafunzi". Na zipo ambazo hazijaandikwa popote. Hizo huja kwa kikaratasi kilichobanwa kwenye daftari la mtoto katikati ya muhula.

Tuzihesabu kwa bei za mfano. Fomu 20,000, usajili 50,000. Sare jozi mbili 70,000, sweta 20,000 (ndiyo, hata kwa joto la Kigoma sweta imo kwenye orodha), traksuti 30,000, viatu na soksi 25,000. Madaftari, penseli za rangi na begi 40,000, rimu mbili za karatasi 24,000. Uji na chakula cha mchana 1,000 kwa siku. Mwaka wa masomo una siku 194, kwa hiyo 194,000. Basi la shule 40,000 kwa mwezi kwa miezi kumi, 400,000. Picha, ziara na mahafali ya awali pamoja na joho lake, 70,000. Ukijumlisha na ada unapata 1,843,000. Ni zaidi ya mara mbili ya ada, na kwa mwezi inakuja kama 153,600.

Katika 550,000 hiyo ni zaidi ya robo, kwa mtoto mmoja, na 550,000 yenyewe ni ya mwezi mzuri. Unajua kuliko sisi kwamba mbalamwezi ikiwa kali taa hazikusanyi dagaa na mwaloni, wanaposhushwa dagaa, panapoa kwa siku kadhaa kila mwezi. Kuna na kufungwa kwa ziwa: mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Sasa angalia kalenda ya shule. Muhula wa pili hufunguliwa mapema Julai, kwa hiyo awamu ya tatu ya ada inadaiwa katikati ya miezi ambayo mchuuzi wa dagaa hana dagaa. Pangeni kila mwaka kana kwamba ziwa litafungwa. Lisipofungwa, mtakuwa na akiba.

Kipimo tunachowapa wasomaji ni hiki: gharama zote za shule, za watoto wote, zisivuke moja ya tano ya kipato cha mwezi wa kawaida. Kwenu moja ya tano ya 450,000 ni 90,000. Mkubwa, pamoja na kuwa shule ya serikali haina ada, anakula kama 15,000 kwa mwezi ukihesabu sare, madaftari na mchango wa chakula. Zinabaki 75,000, yaani 900,000 kwa mwaka. Namba ni ileile ya jirani, ila kwenu 900,000 inatakiwa iwe jumla ya kila kitu. Shule inayowafaa ni ile ambayo ada yake haizidi laki nne na nusu na mtoto anafika kwa miguu.

Je, hiyo mnayoitaka inaweza kushushwa? Kata basi kwanza, ndilo zigo kubwa: zinabaki 1,443,000. Lakini mtoto wa miaka mitano hapandi bodaboda peke yake, achilia mbali mishikaki ya watoto watatu nyuma ya dereva mmoja. Kama hamko ndani ya dakika ishirini za kutembea na mtu mzima, tafuteni wazazi wengine watatu wa mtaa huohuo mkodishe bajaji moja kwa mwezi. Mahafali ya mtoto wa miaka sita si lazima. Semeni mapema, kabla joho halijapimwa, maana likishapimwa mtadaiwa. Kwenye sare, ulizeni kama shule inauza nembo peke yake. Ikiuza, kitambaa mnanunua sokoni na fundi wa mtaani anashona. Acheni pindo refu chini ya sketi au suruali ili mwakani ishushwe. Baada ya yote hayo bado mko juu ya 1,300,000. Shule hiyo, kwa ada hiyo, haiwafai mwaka huu.

Kuna jambo halimo kwenye barua yako, nasi tunaliona zito kuliko hesabu yote hiyo. Awali ni mwaka mmoja. Darasa la kwanza ada huwa inapanda. Uliza hapohapo ofisini ada ya kila darasa na ilivyopanda miaka mitatu iliyopita. Tuseme darasa la kwanza ni 1,200,000. Sera ya Elimu ya 2014, toleo la 2023, inaweka elimu ya msingi kuwa miaka sita. Sita mara 1,200,000 ni 7,200,000, ada tupu. Mzazi anayeweza kulipa miaka mitatu kisha akaishiwa anamtoa mtoto darasa la tatu au la nne, na hapo ndipo pabaya kuliko pote: mtoto amesoma hisabati na sayansi kwa Kiingereza, anaingia shule ya serikali inayofundisha kwa Kiswahili, na Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne unamkuta hajazoea hata kusoma swali la hisabati kwa maneno ya Kiswahili.

Kwa hiyo kama pesa ni ya miaka michache tu, isitumike kuanzia mwanzo ikakatikia katikati. Awali pekee kwenye shule binafsi ya bei ndogo, kisha darasa la kwanza serikalini, mtoto hupita bila kuumia ilimradi nyumbani asome silabi za Kiswahili. Au awali serikalini, ambako hamtalipa ada, na ile 75,000 muigawe: 25,000 kwa mwalimu anayemfundisha kusoma na Kiingereza siku tatu kwa wiki, 50,000 iwekwe. Ndani ya miaka miwili mna 1,200,000 mkononi, na mtajua kama kipato kimepanda kiasi cha kubeba shule binafsi mpaka mwisho.

Pesa inaingia mara moja kwa mwaka

*Shikamooni. Sisi ni wakulima wa tumbaku, Urambo. Malipo yanapitia AMCOS, chama chetu cha ushirika, pembejeo zikishakatwa. Msimu uliopita tulibaki na milioni 3.4, nje ya mahindi ya kula. Shule binafsi hapa mjini inataka 240,000 Januari, 120,000 Aprili na 240,000 Julai. Julai tunaweza. Januari huwa hatuna hata ya sabuni. Mwenzangu anataka kibubu, mimi nataka kikoba. – Baba wa darasa la kwanza*

Marahaba, ndugu yetu. Ada yenu ya 600,000, ukiongeza sare, chakula na vifaa vya kama 200,000, inafika 800,000. Imevuka kidogo moja ya tano ya 3.4, lakini mnakula shambani kwenu, kwa hiyo inabebeka. Kinachowasumbua ni kalenda. Mwaka wa shule unaanza Januari, wa kwenu unaanza siku benki inapotuma ujumbe kwamba malipo ya tumbaku yameingia. Basi fanyeni mwaka wa ada uanze siku hiyo.

Wiki ileile pesa ikiingia, kabla ya bati, kabla ya pikipiki, lipeni 240,000 ya Julai. Kisha toeni 360,000 ya Januari na Aprili, na 100,000 ya sare na vifaa vya Januari. Jumla 700,000 imeondoka kwenye akaunti ya matumizi siku moja. Chakula cha shule mtalipa kidogokidogo.

Hiyo 460,000 ya mbele ikae wapi? Kibubu tunakikataa, na sababu ni ya msimu. Novemba na Desemba ndipo vibarua wa kupandikiza na palizi wanadai pesa yao jioni ileile, na kibubu cha mbao kinafunguka kwa bisibisi. Hakuna mzazi anayeiba ada ya mwanawe. Anaikopa akitegemea kuirudisha, kisha Januari inafika.

Kikoba ni kizuri, ila uliza siku ya kuvunja. Vikundi vingi huvunja katikati ya Desemba ili watu wapate sikukuu, na ada inavaa Krismasi. Mkiweza kuwashawishi wanakikundi, mvunjo uwe wiki ya kwanza ya Januari. Jambo la pili: kikoba kinataka hisa kila wiki, nanyi mna pesa ya mara moja. Ulizeni kama katiba ya kikundi inaruhusu kununua hisa nyingi kwa mkupuo. Nyingi zina kikomo cha hisa kwa kikao kimoja. Na kikundi kiwe kimesajiliwa kama Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inavyotaka, maana kisichosajiliwa, mweka hazina akitoweka na sanduku, hamna pa kuanzia.

Njia tunayoipenda kwenu ni amana ya muda maalumu benki, miezi mitano au sita, ikomae wiki ya kwanza ya Januari. Riba yake ni ndogo. Faida yake kubwa ni kwamba kuivunja kabla ya wakati ni usumbufu, na usumbufu huo ndio mnaoutaka mwezi Novemba. Uliza kima cha chini. Kama 460,000 haifiki, akaunti ya akiba ya mtoto isiyo na kadi wala huduma ya simu inafanya kazi ileile.

Kulipa shule mapema nako kunawezekana, na hapo mna nguvu ya kuomba punguzo. Shule nyingi binafsi zinakaukiwa pesa Oktoba na Novemba. Anayeleta 240,000 ya Januari wakati huo anasikilizwa. Omba 20,000 au 30,000 ipunguzwe, au rimu na fomu zisamehewe. Msilipe zaidi ya muhula mmoja mbele, kwa sababu ada inayolipwa mapema mara nyingi inageuka tofali za darasa jipya, na shule ikiyumba hamtarudishiwa tofali. Pesa iingie kwenye akaunti ya benki ya shule au kwa namba ya malipo, isiwekwe mkononi kwa mwalimu. Mbali na risiti, chukueni barua yenye muhuri inayosema mambo matatu: kiasi kilicholipwa na cha muhula upi, kwamba ada ikipanda hamtaongezwa kwa muhula huo, na kwamba mtoto akihama kabla ya muhula kuanza mnarudishiwa.

Mahindi nayo ni benki. Tengeni magunia manne ya mtoto, yauzwe Januari badala ya mwezi wa mavuno. Tabora mnamfahamu dumuzi, yule mdudu anayetoboa mahindi ghalani, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Gunia la kawaida atalifanya unga kabla ya Krismasi. Kausheni hadi punje ilie ukiiuma, kisha tumieni mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, kila tabaka lifungwe peke yake, isigusane na ukuta, na isifunguliwe "kuangalia tu".

Kituo cha mtaani

*Mtaani kwetu kuna chekechea ya 25,000 kwa mwezi, uji ndani yake. Mama mwenye kituo ni mtu mzuri na anasema mwakani ataanzisha darasa la kwanza. Nitajuaje kama kituo ni halali? – Mlezi, Kasulu*

Tofautisha vitu viwili vinavyoitwa chekechea. Kituo cha kulelea watoto wadogo mchana kinasajiliwa kupitia ustawi wa jamii. Kazi yake ni malezi na michezo kwa mtoto ambaye hajafikia umri wa shule. Darasa la awali ni sehemu ya shule, na shule inasajiliwa na Wizara ya Elimu. Cheti cha kituo hakimpi mtu ruhusa ya kufungua darasa la kwanza, hata awe na roho nzuri namna gani. Omba kuona cheti chenyewe. Kisha nenda ofisi ya Uthibiti Ubora wa Shule ya wilaya au kwa Afisa Elimu Msingi wa halmashauri, taja jina la mahali, uliza limesajiliwa kwa ngazi gani. Kuuliza ni bure.

Hatari ya kusoma pasiposajiliwa inajitokeza baadaye. Mtoto wa darasa la kwanza anatakiwa kuingizwa kwenye mfumo wa PREM wa Baraza la Mitihani na kupata namba yake. Shule isiyosajiliwa haiwezi kumwingiza. Watoto wanakuja kugundulika darasa la tatu au la nne, wazazi wanaanza kuhangaika na wengine wanaambiwa mtoto arudi nyuma.

Kwa mtoto wa miaka mitatu au minne, 25,000 na uji ni bei nzuri kama kituo kinafaa. Nenda siku ya kawaida saa nne asubuhi bila taarifa. Hesabu watoto na walezi. Mwongozo wa serikali kwa darasa la awali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25, na wadogo zaidi wanahitaji watu wazima wengi zaidi. Ingia chooni: mlango unafungika, tundu linalingana na mtoto, maji ya kunawa yapo? Muulize mlezi amefanya kazi hapo muda gani. Ukisikia kila mmoja ana miezi miwili, mishahara hailipwi, na watoto watabadilishiwa walimu mwaka mzima.

Shule iliyokwisha kufika darasa la nne au la saba ina kipimo kingine, nacho ni matokeo yake kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani. Angalia miaka mitatu, usitazame wastani peke yake. Tazama idadi ya watahiniwa. Darasa la nne watoto 48, miaka mitatu baadaye darasa la saba 19, maana yake wengi waliondolewa au walikaririshwa njiani. Baadhi ya shule zina "wastani wa shule", mtoto asipoufikia anaambiwa akariri au ahame. Kukariri ni ada ya mwaka mzima ambayo hukuipanga. Uliza sharti hilo kabla ya kununua fomu.

Bweni la bei nafuu

*Nafanya kazi safarini kati ya Kigoma na Tabora. Kuna shule yenye bweni ingenitoa kwenye gharama ya dada wa kazi. Mtoto yuko darasa la pili. – Baba, Gungu*

Hapana. Tangu Machi 2023 Wizara ya Elimu ilikataza bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, isipokuwa penye kibali maalumu cha Kamishna wa Elimu. Shule inayokuambia "tutamweka kimyakimya" inamweka mtoto wako mahali ambapo mkaguzi akifika atafichwa au atarudishwa kwako usiku. Hata kwa pesa tu, bweni halipungui kama linavyoonekana: godoro, shuka, ndoo, sabuni ya kila mwezi, nauli ya likizo nne, na pesa ya matumizi. Mpeleke kwa ndugu aliye karibu na shule ya kutwa, na umlipe chakula chake kwa kiasi mlichokubaliana mdomoni na kwa tarehe. Undugu unaharibika pale kiasi kinapoachwa "utakachojaaliwa".

Ameshafukuzwa mara mbili

*Nina genge Isevya, Tabora. Mwanangu yuko darasa la pili inglishi midiamu. Nadaiwa 370,000 na amerudishwa nyumbani mara mbili. Kuna watu wa mikopo wanatoa 300,000 siku hiyohiyo, marejesho 12,000 kila siku kwa siku 30. Nichukue? Na nikiamua kumhamishia serikali, naanzia wapi? – Mama mwenye genge*

Usichukue, mama. Siku 30 mara 12,000 ni 360,000. Umelipa 60,000 kwa kukaa na 300,000 mwezi mmoja. Na hukukaa nayo yote. Kuanzia kesho yake unairudisha, kwa hiyo kwa wastani ulikuwa na nusu tu, na riba halisi inakaribia mara mbili ya ile asilimia 20 wanayoitaja. Genge lako lingelazimika kutoa 12,000 ya faida kila siku, Jumapili na siku za mvua zikiwamo. Halitoi. Utaanza kulipa kwa mtaji, nyanya zitapungua mezani, na bado shule inakudai 70,000. Mikopo hii haikuitwa kausha damu kwa utani.

Linganisha na SACCOS inayotoza asilimia 1.5 kwa mwezi kwa salio linalopungua. 300,000 kwa miezi sita: unarejesha 50,000 kila mwezi, riba inaanza 4,500 na kuishia 750, jumla 15,750. Lakini SACCOS nyingi zinakopesha hadi mara tatu ya akiba yako, na mwanachama mpya husubiri miezi kadhaa. Kama si mwanachama leo haikusaidii leo. Anza kuweka kwa ajili ya mwakani. Mkopo wa asilimia kumi wa halmashauri nao usiuguse kwa ada. Ni wa biashara za vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Ukiula, wenzako kwenye kikundi ndio watakaokulipia, nawe utawakwepa sokoni.

Sasa shule. Usisubiri mtoto arudishwe mara ya tatu, nenda mwenyewe, na usiende mikono mitupu. Mhasibu hana mamlaka ya kukubali mpango, tafuta meneja au mkurugenzi, siku isiyo ya kufungua wala kufunga shule. Peleka 100,000. Zinabaki 270,000, pendekeza 45,000 kila baada ya wiki mbili, mara sita. Andika barua, nakala mbili, zote zigongwe muhuri, moja ubaki nayo. Siku hiyohiyo simamisha basi na vipindi vya ziada vinavyolipiwa, kwa maandishi, ili deni lisiendelee kukua unapolipunguza.

Mipango hii huvunjika kwa sababu mbili. Mzazi kwa aibu anaahidi laki kwa wiki, awamu ya kwanza inamshinda, na neno lake linakwisha thamani. Au anapanga deni la nyuma na kusahau kuwa muhula ujao nao una ada yake; Januari ikifika anadaiwa vyote viwili. Kabla ya kusaini, jiulize kama 45,000 kwa wiki mbili itatoka *pamoja na* ada mpya. Kama haitoki, hamisha mtoto sasa.

Darasa la pili bado ni mapema, ndiyo maana tunasema sasa. Anza na shule ya serikali iliyo jirani, uliza nafasi kwa mwalimu mkuu kabla hujaaga unakotoka. Utahitaji cheti cha kuzaliwa, taarifa ya maendeleo na namba ya PREM. Jina la mtoto lazima lihame ndani ya mfumo. Barua ya uhamisho peke yake, hata yenye muhuri mkubwa, haitoshi, na mtoto anaweza kukaa darasani mwaka mzima huku jina lake likiwa bado shule ya zamani. Likizo itumie kwa Kiswahili: nusu saa kila siku, silabi kwanza, kisha sentensi fupi, kisha mafumbo ya hesabu yaliyoandikwa kwa maneno, kwa kuwa kujumlisha anajua ila "zimebaki ngapi" hajazoea kuisoma. Ukitaka Kiingereza kisipotee, asomewe kitabu kimoja kwa wiki. Baadhi ya halmashauri nchini zina shule za serikali zinazofundisha kwa Kiingereza, kama Olympio ya Dar es Salaam na Arusha School. Uliza ofisi ya elimu msingi kama kwenu ipo au inatarajiwa.

Kuhama hakufuti deni, na shule unayodaiwa inaweza kuzungusha uhamisho hadi deni limalizike. Kwa hiyo kwenye barua ileile ya makubaliano omba kuongezwe mstari mmoja: kwamba mtoto ataruhusiwa kuhama wakati deni likiendelea kulipwa kwa tarehe zilizotajwa. Mkurugenzi akisita, lipa awamu mbili za kwanza kwa siku yake, kisha rudi na risiti zote mbili uombe tena.